Kutengeneza kingamwili za protini za kizuizi cha utumbo wa samaki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayetaka kuona protini zinazoufunga utumbo wa samaki, na ambaye ameshagundua kwamba kingamwili anayoihitaji, yaani protini ya kinga inayoshika protini hiyo na kuionyesha, haiuzwi popote. Majibu yanafuata mkondo wa kazi yenyewe, kuanzia mezani hadi kwenye hadubini. Kama tayari una seramu mkononi, yaani maji ya damu ya mnyama aliyechanjwa yenye kingamwili, ruka hadi swali la mistari mingi kwenye bloti, ule utando ambao protini zilizotenganishwa kwa ukubwa kwenye jeli huhamishiwa na kuonyeshwa na kingamwili kama mistari. Kama bado hujaagiza peptidi, kipande kifupi cha protini cha kuchanjia, nakusihi uanze mwanzo. Kingamwili nyingi zinazoharibika huwa zimeharibika siku ile kipande cha protini kilipochaguliwa, kabla sungura atakayechanjwa kipande hicho hajaguswa.

Kizuizi cha utumbo ni kitu gani hasa?

Ni safu moja tu ya seli. Upande mmoja kuna chakula, bakteria, vimeng'enya na, kwa samaki wa baharini, maji ya chumvi anayoyanywa kila siku ili mwili usikauke. Upande wa pili kuna damu. Kitu kinachotaka kuvuka kina njia mbili: kupita ndani ya seli yenyewe, au kupenya kwenye mwanya kati ya seli na jirani yake. Mwanya huo ndio unaofungwa na viungio vya kubana, mkanda mwembamba unaoizunguka kila seli karibu na kichwa chake na kuishona na wenzake. Watafiti Farquhar na Palade waliuonyesha kwa hadubini ya elektroni mwaka 1963, lakini protini zake zilichelewa sana kujulikana: ZO-1 mwaka 1986, okludini mwaka 1993, klaudini mwaka 1998, na trisellulini, inayoziba pale seli tatu zinapokutana, mwaka 2005.

Klaudini na okludini zimechomekwa kwenye utando wa seli. Kila moja inauvuka utando mara nne, ikitoa vitanzi viwili nje na kuacha ncha zote mbili ndani. ZO-1 haimo kwenye utando. Iko chini yake, ikizishika klaudini na okludini kwa mikia yao na kuzifunga kwenye kiunzi cha seli. Wengi huongeza pia E-kadherini, ambayo kwa hakika ni ya kiungio cha chini kidogo, lakini bila yake safu haisimami.

Kwa nini nisipime mRNA tu? PCR ni rahisi zaidi.

Ni rahisi, na ipime kwa PCR, njia ya kunakili vipande vya jeni hadi vihesabike. Ila mRNA, nakala ya jeni inayosomwa kutengeneza protini, haikuambii protini iko wapi. Klaudini inaweza kutengenezwa kwa wingi ikabaki kwenye vifuko ndani ya seli, mbali na kiungio, na hapo haizuii chochote. Swali la kizuizi ni swali la mahali, na mahali huonekana kwa kingamwili, au kwa samaki aliyebadilishwa jeni ili protini yake ing'ae. Njia hii ya pili inawezekana kwa danio, yule samaki mdogo wa milia wa maabara. Kwa salmoni wa kilo tano ni hadithi nyingine.

Zipo kingamwili za binadamu na panya madukani. Kwa nini nisizitumie hizo?

Jaribu, lakini kwanza ulinganishe mfuatano wa asidi amino, vijenzi vya protini, kati ya mnyama huyo na samaki wako. ZO-1 haijabadilika sana katika mageuzi, na kingamwili zilizotengenezwa dhidi ya ZO-1 ya binadamu zimefanya kazi vizuri kwa danio kwa miaka mingi. Okludini ina sehemu zake zinazofanana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha York kule Toronto walionyesha okludini kwenye tishu za samaki wa dhahabu mwaka 2008. Shida kubwa iko kwa klaudini.

Kingamwili nyingi za klaudini za mamalia zimelengwa kwenye mkia, na mkia ndio unaotofautiana zaidi kati ya klaudini moja na nyingine. Kwa mtu wa panya huo ni uzuri wake, maana anataka kutenganisha klaudini-3 na klaudini-4. Kwa wewe mwenye samaki, asidi amino saba zikibadilika kati ya kumi na tano, kingamwili haina pa kushika. Ikiona kitu hata hivyo, una haki ya kuuliza imeshika nini.

Jambo la kufanya leo hii: muulize muuzaji mfuatano kamili wa kipande kilichochanjwa. Akikataa kuutoa, au akikujibu tu kwamba ni "eneo la mkia", usinunue. Tangazo kwamba kingamwili "inatarajiwa kufanya kazi kwa samaki" kwa kawaida limetokana na kompyuta kulinganisha herufi. Halimaanishi kwamba kuna mtu aliyeijaribu.

Samaki ana klaudini ngapi?

Nyingi kuliko tunavyopenda. Mamalia wana zaidi ya ishirini. Kwa fugu, samaki yule mwenye sumu na jenomu (DNA yake yote) ndogo, zilihesabiwa jeni 56 mwaka 2004. Kati ya hizo 35 zina ndugu zao kwa mamalia, na zinalingana na klaudini 17 tu za mamalia. Zilizobaki ni za ukoo wa samaki peke yake.

Sababu yake ni ya kale. Babu wa samaki wengi wa leo wenye mifupa aliirudufisha jenomu yake yote zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, na ukoo wa salmoni na trauti ukarudufisha tena baadaye. Kwa hiyo pale unapotafuta jeni moja ya salmoni unaweza kukuta mbili, tatu au nne zinazofanana kama pacha, kila moja na kazi yake. Kingamwili isiyotofautisha pacha hawa itakupa jumla yao. Jumla hiyo inaweza kutosha kwa swali lako, lakini amua mapema kama unataka jumla au unataka mmoja, kisha uliandike hilo.

Nichague kipande gani cha protini?

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote, na sioni haya kutumia wiki mbili nzima.

Weka mifuatano mbele yako. Juu kabisa iweke klaudini unayoitaka, chini yake pacha zake wote kutoka samaki huyohuyo, kisha klaudini nyingine zote zinazoonyeshwa utumboni. Soma kwa jicho, herufi kwa herufi, kutoka kushoto; kila herufi ni asidi amino moja. Mwanzo ni mfupi mno, asidi amino saba hivi, hautufai. Kisha unavuka utando na kufika kitanzi cha kwanza cha nje, chenye asidi amino hamsini hivi. Hapo utaona W, mbele yake GLW, mbele tena C mbili. Alama hizo zipo karibu kwa kila klaudini, ndiyo sababu kitanzi hiki ni hatari: ukichanja kipande kinachozibeba, umechanja dhidi ya familia nzima. Kitanzi cha pili ni kifupi zaidi. Vipande vilivyomo ndani ya utando viache kabisa, maana havipendi maji na kingamwili haivifikii. Ukifika mkiani herufi zinaanza kuachana, kila klaudini na yake. Halafu, mwisho kabisa, nyingi zinakutana tena: Y na V. Hizo mbili ndizo zinazoshikwa na ZO-1.

Kwa kawaida basi tunachukua mkia, asidi amino 12 hadi 18, mahali panapotofautiana na pacha. Mambo manne ya kuangalia hapo hapo:

- Pasiwe na sisteini (herufi C) katikati ya kipande. Unahitaji sisteini moja tu, unayoiongeza mwenyewe kwenye ncha moja ili ishike kibebeo, protini kubwa itakayoibeba peptidi. Zikiwa mbili, peptidi inashikwa kwa namna usiyoijua.
- Epuka maeneo ya serini, threonini na tirosini yanayojulikana kubeba fosfeti. Mkia wa klaudini unazo nyingi. Fosfeti ikikaa pale, kingamwili haitashika, nawe utadhani protini imepungua.
- Kama kipande ni mwisho halisi wa protini, acha mwisho wake huru na uweke sisteini upande wa mwanzo. Kama ni kipande cha katikati, ncha zake zifunikwe, kwa sababu ncha huru zina chaji ambayo kipande hicho hakina kikiwa ndani ya protini.
- Tafuta kipande chako kwenye protini zote za samaki huyo, usiishie kwenye klaudini. Asidi amino sita au saba mfululizo zikitokea kwenye protini ya ute au ya misuli, utajuta.

Ukitaka kuona klaudini kwenye seli hai ambazo hazijatobolewa, itabidi uingie kwenye vitanzi vya nje, na hapo peptidi fupi mara nyingi haitoshi, kwani umbo la kitanzi hutegemea protini nzima. Huo ni mradi mkubwa zaidi. Usiuanze kwa sababu tu unavutia.

Nitumie peptidi au protini nzima?

Kwa klaudini, peptidi. Protini yenye mapito manne ya utando ni ngumu kutengeneza kwenye bakteria ikabaki na umbo lake. Kwa okludini na ZO-1 una nafasi zaidi: mkia mrefu wa okludini, ulio ndani ya seli, unaweza kutengenezwa kwenye bakteria kama kipande kinachoyeyuka na kukupa kingamwili nzuri zinazoshika sehemu kadhaa kwa pamoja.

Peptidi peke yake ni ndogo mno kuamsha kinga. Inafungwa kwenye kibebeo, mara nyingi KLH, protini kubwa inayotoka kwenye damu ya konokono mmoja wa bahari. Sungura atatengeneza kingamwili nyingi dhidi ya KLH kuliko dhidi ya peptidi yako. Kwa hiyo usipime seramu kwa ELISA (kipimo cha rangi kwenye sahani ya visima) yenye peptidi iliyofungwa kwenye KLH ileile. Utapata namba kubwa za kufurahisha zisizohusu klaudini hata kidogo. Tumia peptidi tupu, au iliyofungwa kwenye kibebeo kingine.

Sungura, kuku au panya?

Sungura, mara nyingi. Yuko mbali na samaki kwa ukoo, kwa hiyo protini ya samaki anaiona ni ngeni, na anatoa seramu ya kutosha. Chanja wawili kwa uchache, kwa sababu sungura wawili waliochanjwa kipande kimoja siku moja hutoa seramu zisizolingana. Dozi za kuimarisha hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne, na kwa kawaida kufikia mwezi wa tatu unajua kama una kitu au huna.

Kabla ya sindano ya kwanza, omba seramu ya sungura wanne au watano na uzijaribu zote kwenye bloti ya utumbo wa samaki wako. Baadhi yao tayari wanazo kingamwili zinazoshika protini za utumbo, pengine kutokana na bakteria waliowahi kukutana nao. Chagua walio safi. Ni kazi ya siku mbili inayookoa miezi.

Nasema hivi kwa uchungu. Kingamwili ya kwanza ya okludini niliyoishughulikia ilitoa mstari mmoja, mweusi, safi, karibu na kilodaltoni (kipimo cha ukubwa wa protini) 60, hasa pale tulipotarajia. Tulifanya nayo kazi miezi minne. Waliotutengenezea hawakuwa wametutumia seramu ya kabla ya chanjo, nasi hatukuidai. Tulipoidai hatimaye, walikuwa wamebakiwa na tone dogo la sungura huyohuyo. Nikaiweka kwenye utando mpya wa bloti, upande kwa upande na ile ya baada ya chanjo. Mstari ukatokea pande zote mbili, kwa weusi uleule. Sungura alikuwa anaijua protini ile kabla hatujamchanja, na haikuwa okludini.

Kuku anafaa pale protini inapofanana mno kati ya mamalia na samaki kiasi kwamba sungura haioni kuwa ngeni. Kingamwili zake zinatoka kwenye kiini cha yai, bila kumtoa damu. Panya ni kwa njia ya monokloni, kingamwili ya aina moja tu kutoka ukoo mmoja wa seli, tofauti na polikloni, ule mchanganyiko ulio kwenye seramu.

Monokloni si bora kuliko polikloni?

Tangu watafiti Köhler na Milstein walipoonyesha njia hiyo mwaka 1975, monokloni ina fadhila moja kubwa: haimaliziki. Seramu ya sungura ikiisha, imeisha, na sungura anayefuata ni mwingine. Ila monokloni hushika mahali pamoja tu, na mahali hapo pakiharibiwa na formalini umeachwa mikono mitupu. Kwa protini ya samaki ambayo hujaijua vizuri, mimi huanza na polikloni iliyosafishwa. Njia ikishafunguka na swali likiwa la miaka mingi, nenda kwenye monokloni na usome mfuatano wa jeni zake ili iweze kutengenezwa upya na mtu yeyote. Kingamwili yenye mfuatano unaojulikana ndiyo inayostahili kuachiwa wanaokuja.

Seramu imefika. Niitumie hivyo hivyo?

Hapana. Ipitishe kwenye safu, mrija uliojazwa chembe, yenye peptidi yako ili zibaki zile tu zinazoishika, kisha zitoe kwa asidi na uzirudishe haraka kwenye hali isiyo kali. Kama ulichagua kipande kinachokaribiana na pacha, pitisha tena kwenye safu ya peptidi ya pacha na utupe kinachoshika huko. Kiasi kitapungua sana. Kipungue. Gawa kilichobaki kwenye mirija midogo, gandisha, na usiyeyushe na kugandisha mara kwa mara.

Bloti yangu ina mistari mingi. Tatizo ni kingamwili?

Pengine si kingamwili, ni sampuli. Utumbo ni mfuko wa vimeng'enya vinavyomeng'enya protini, na vya samaki wanaoishi kwenye maji yenye ubaridi vinafanya kazi hata kwenye barafu. Tena kwa samaki wengi kongosho si kiungo kimoja kinachoonekana. Limetapakaa kwenye mafuta yanayozunguka vijiutumbo vya pailori, vile vifuko kama vidole baada ya tumbo, na mwanzo wa utumbo. Ukikata kipande hapo bila kuondoa mafuta, umesaga kongosho pamoja na sampuli yako, na mistari unayoiona ni vipande vya protini iliyokwisha kuliwa. Suuza utumbo, ondoa mafuta, kwangua utando wa ndani peke yake kwa kioo cha slaidi, na tia vizuia-vimeng'enya kabla hujasaga.

La pili: usichemshe. Mazoea ya kuchemsha sampuli dakika tano huzigandisha protini za utando zishikane, na klaudini yako inakwama juu kabisa ya jeli. Iache kwenye nyuzi joto 37 kwa nusu saa. Nimeona mstari uliotafutwa majuma kadhaa ukitokea kwa badiliko hilo moja.

Klaudini nyingi hukaa kati ya kilodaltoni 20 na 27, okludini juu kidogo ya 60 na mara nyingi kama kundi la mistari kutokana na fosfeti, ZO-1 karibu na 220. Kwa ZO-1 tumia jeli nyepesi na muda mrefu wa kuhamisha. Na kama unavuta klaudini kutoka kwenye sampuli kwa kingamwili ya sungura kisha unaisoma kwa kingamwili ya sungura, kumbuka mnyororo mwepesi wa kingamwili uko kilodaltoni 25. Utasimama palepale juu ya protini yako, na wengi wameushangilia mnyororo huo wakidhani ni klaudini.

Kwenye hadubini utumbo mzima unang'aa. Nifanye nini?

Anza na samaki mwenyewe. Seli za utumbo huanza kuharibika dakika chache baada ya kifo, na safu nzima hubanduka. Tia kwenye kihifadhi papo hapo, na fungua utumbo ili kihifadhi kiingie ndani. Kipande kilichofungwa kama soseji huoza katikati huku nje kikihifadhika.

Formalini hufunika sehemu nyingi zinazoshikwa na kingamwili, kwa hiyo vipande vya tishu iliyowekwa kwenye nta vitahitaji kupashwa joto kwenye bafa, mmumunyo unaoshikilia kiwango cha asidi, ili zifunuliwe. Jaribu bafa yenye asidi na yenye besi, maana huwezi kukisia. Okludini na ZO-1 mara nyingi hupendeza zaidi kwenye vipande vya tishu iliyogandishwa vilivyohifadhiwa kwa methanoli baridi. Formalini pia huongeza mng'ao wa asili wa tishu, na chembe nyekundu za damu ya samaki, ambazo, tofauti na zetu, zina kiini, hung'aa na kuonekana kama seli zenye alama. Kila mara weka kipande kisicho na kingamwili yoyote ili ujue mng'ao wa tishu tupu.

Kisha tazama umbo la mng'ao. Kipande kikikatwa wima, kiungio cha kubana huonekana kama nukta ndogo karibu na ukingo wa juu, moja kati ya kila seli mbili, mfano wa shanga kwenye uzi. Kikikatwa kwa mlalo karibu na uso, nukta hizo huwa mistari inayoungana na kufanya sega la nyuki. Ukiona mng'ao umejaa ndani ya seli za ute zilizovimba kama vikombe, shuku: ute hunasa kingamwili bila kuchagua. Vivyo hivyo vile vifuko vikubwa juu ya kiini kwenye seli za utumbo wa nyuma, ambazo kazi yake ni kumeza molekuli kubwa. Lakini usitupe kila kisichokaa kileleni. Baadhi ya klaudini kweli hukaa pia ubavuni mwa seli.

Hila ninayoitegemea: paka klaudini kwa kingamwili yako ya sungura na ZO-1 kwa monokloni ya panya kwenye kipande kimoja, rangi mbili. ZO-1 inakuonyesha kiungio kilipo, nawe unaona kama klaudini imefika au imebaki njiani. Na kwa kuwa tishu za samaki hazina kingamwili za panya wala za sungura, kingamwili ya pili, ile yenye rangi inayoishika ya kwanza, haipati cha kushika kwa bahati mbaya. Wenzetu wa panya wanaonea wivu jambo hilo.

Nitajuaje kwamba kingamwili yangu ni ya kweli?

Hili ndilo swali, na mengine yote yanalitumikia.

Wengi hukimbilia kuichanganya kingamwili na peptidi yake kabla ya kuipaka. Mng'ao unapotea, wanaandika kwamba imethibitishwa. Hapana. Kilichothibitishwa ni kwamba kingamwili inashika peptidi, jambo ulilolijua tangu ulipoisafisha kwa peptidi hiyohiyo. Kama kingamwili hiyo inashika pia protini nyingine kwenye tishu kupitia mdomo uleule, mng'ao huo nao utapotea. Kipimo hiki kinaweza kuikataa kingamwili mbaya, lakini hakiwezi kuipitisha nzuri.

Kinachoipitisha ni kuiondoa protini na kuona alama inaondoka. Kwa danio, CRISPR, zana ya kukata jeni, inawezesha hilo: samaki asiye na jeni, na ndugu yake mwenye jeni, kwenye slaidi moja. Angalia tu kwamba tangu mwaka 2015 tunajua mwili wa danio unaweza kufidia jeni iliyovunjwa kwa kupandisha jeni ndugu, kwa hiyo alama ikibaki, uliza kama ni pacha aliyepandishwa kabla hujaitupa kingamwili. Kwa trauti kuna seli za kukuzwa maabara za RTgutGC, zilizotokana na utumbo wa nyuma na kuelezwa mwaka 2011. Hukua kwenye nyuzi joto 18 hadi 20 na kujenga safu yenye ukinzani wa umeme, na jeni inaweza kupunguzwa au kuvunjwa humo.

Kama samaki wako hana nyenzo hizo, ziko njia nyingine. Tengeneza klaudini yako kwenye seli za mamalia kama HEK293 ukiitia alama, kisha tengeneza kila pacha wake kwenye sahani nyingine, na upake zote kwa kingamwili yako. Ile inayolengwa ing'ae, pacha wasing'ae. Hapo unaona kwa macho uteuzi uliokisia mezani. Vuta protini kutoka utumboni kwa kingamwili na uipeleke kwenye spektrometa ya masi ikusomee ni nini. Linganisha kingamwili mbili zilizotengenezwa dhidi ya vipande viwili tofauti vya protini ileile: zikionyesha mahali pamoja, imani inapanda sana. Mwaka 2016 kundi la kimataifa la wataalamu lilipendekeza nguzo tano za uthibitisho zinazofanana na hizi, na likasisitiza kwamba uthibitisho ni wa matumizi mahususi. Kingamwili iliyopita kwenye bloti haijapita kwenye tishu. Kwenye bloti protini imenyooshwa. Kwenye tishu imekunjwa, imeshikwa na wenzake, na imefunikwa na formalini.

Iliyofanya kazi kwa salmoni itafanya kwa tilapia?

Soma kipande chako kwenye jenomu ya tilapia. Herufi zikilingana zote, kuna tumaini, na unarudia uthibitisho. Zikiachana tatu au nne, agiza mpya.

Mng'ao wa klaudini umepungua kwa samaki waliolishwa soya. Naweza kuandika kwamba utumbo unavuja?

Usiandike bado. Swali hili linakuja sana kwa sababu unga wa soya husababisha uvimbe kwenye utumbo wa nyuma wa salmoni wa Atlantiki, jambo linalojulikana tangu miaka ya 1990, na saponini za soya zimeonyeshwa kuhusika. Utumbo uliovimba una mikunjo mifupi, seli changa nyingi, na seli za kinga zilizoingia. Mng'ao kwa kila kipande ukipungua, inawezekana klaudini imepungua, na inawezekana seli zenyewe ndizo zimepungua. Gawanya mng'ao wa klaudini kwa ule wa E-kadherini au kwa urefu wa ukingo wa epithelia, yaani safu yenyewe ya seli.

La pili ni zito zaidi: klaudini zote hazizibi. Klaudini-2 na klaudini-15 hufungua vijitundu vya kupitisha ayoni kama sodiamu. Zikipungua, utumbo unaweza kukaza. Kwa hiyo picha iende pamoja na kipimo cha kazi: ukinzani wa umeme kwenye chemba ya Ussing, kifaa kinachokishika kipande cha utumbo kati ya vyumba viwili vya maji, au dekstrani (sukari ya molekuli kubwa) yenye mng'ao uone kiasi kinachovuka. Kingamwili inakuambia nani amehama. Kuvuja kunapimwa kwa kuvuja.

Na wanyama wanaotumika?

Sungura na samaki wote wanahitaji kibali cha kamati ya maadili kabla ya kazi, na adjuvanti (kichochezi cha kinga) kali ya Freund, pale inaporuhusiwa, hutumika kwa sindano ya kwanza tu, kwa sababu huacha vidonda. Kuchagua kipande vizuri na kuwapima sungura kabla ya chanjo ndiyo njia ya uhakika ya kupunguza idadi yao. Zipo pia maktaba za faji, virusi vya bakteria, zinazotoa kingamwili bila mnyama kuchanjwa. Kama maabara yako inazifikia, anza huko.

Niandike nini kwenye ripoti?

Mfuatano wa peptidi, wote, herufi kwa herufi. Namba ya sungura na tarehe ya damu. Jinsi ilivyosafishwa, ilivyozimuliwa, kihifadhi na bafa ya kufunulia. Picha ya bloti nzima kutoka juu hadi chini, bila kukata mstari mmoja na kuutenga. Seramu ya kabla ya chanjo kando yake. Na orodha ya pacha uliowajaribu, pamoja na wale ambao kingamwili yako iliwashika.

Nimebaki na mikrolita hamsini na kuna mtu anaomba.

Mpe kumi, na mfuatano wa peptidi.